Uwanja wa ndege ukihama mjini: Denver, Austin, Munich, Berlin au Hong Kong, tufuate njia ipi?

Anayekaa Dodoma hahitaji ratiba ya ndege. Ukiwa katikati ya mji unaisikia kabla hujaiona, kisha inapita chini kiasi kwamba mtoto anakusomea maandishi ya ubavuni. Uwanja uko mjini kabisa: abiria anashuka, anapanda bodaboda, anafika kwenye shughuli zake kabla chai haijapoa. Tangu ujenzi wa uwanja mpya wa Msalato uanze, kilomita kumi na kitu nje ya mji, swali la vijiweni limekuwa moja: ule wa zamani utageuzwa nini? Mmoja anasema soko. Wa pili anasema vipimwe viwanja tugawiwe. Wa tatu, ambaye ndiye dalali, hasemi kitu. Anatabasamu tu.

Miji mingine ililijibu swali hili kabla yetu, na majibu yao hayafanani. Nimechukua mitano nikaipanga sambamba. Sikuanza na michoro ya maghorofa, maana kwenye michoro kila mji ni mzuri na kila mti una kivuli. Nimeanza na swali la kijijini kabisa: hati iko mkononi mwa nani, tangu siku ndege ya mwisho inaporuka hadi siku mtu anapoingiza kitanda chake ndani ya nyumba? Kati ya siku hizo mbili ndipo mji unapopata au unapopoteza.

| Mji na uwanja | Ulifungwa | Ukubwa (hekta) | Ardhi ilishikwa na nani | Wakazi wa kwanza |
|---|---|---|---|---|
| Denver, Stapleton | 1995 | 1,900 hivi | Jiji, kisha kampuni moja kwa awamu | 2002 |
| Austin, Mueller | 1999 | 280 hivi | Jiji, hadi kipande kiwe tayari kujengwa | 2007 |
| Munich, Riem | 1992 | 556 | Jiji, kupitia msimamizi wake | Mwishoni mwa miaka ya 1990 |
| Berlin, Tempelhof | 2008 | Zaidi ya 300 | Serikali ya jiji | Hakuna |
| Hong Kong, Kai Tak | 1998 | 320 hivi | Serikali, kisha mnada | 2013 |

Tazama safu ya mwisho. Miji mitatu ilichukua chini ya miaka kumi, mmoja ulichukua kumi na tano, na mmoja uligoma kabisa. Hakuna uliomaliza kwa miaka miwili mitatu, kwa hiyo mwanasiasa akikuahidi mtaa mpya ndani ya kipindi chake kimoja, mshukuru kwa maneno mazuri uendelee na safari yako.

Denver na Austin: mchezo mmoja, kanuni mbili

Hii miwili ya Marekani ndiyo inayofaa kuwekwa pamoja kwanza, kwa sababu inafanana kama mapacha. Stapleton ulifunguliwa mwaka 1929 na Robert Mueller mwaka 1930, vyote vikiwa pembezoni. Mji ukakua, ukavizunguka, watu wakaanza kulalamikia kelele juu ya mapaa yao, na hapakuwa na pa kupanuka tena. Vyote vilipohama, kila jiji lilichagua kampuni moja kubwa kuongoza ujenzi. Walipoachana ni kwenye hati.

Denver walijiandaa mapema. Taasisi ya raia ya kufikiria matumizi mapya iliundwa mwaka 1990, miaka mitano kabla ya ndege kuhama, na mpango wenyewe, uliopachikwa jina la Kitabu cha Kijani, ulikamilika mwaka uleule wa 1995 uwanja ulipofungwa. Mwaka 1998 ikachaguliwa kampuni ya Forest City. Makubaliano yalikuwa kwamba itanunua ardhi kidogo kidogo kwa miaka mingi, kisha yenyewe itawauzia viwanja wajenzi wa nyumba. Njia za kurukia ndege zilivunjwa, na zege na lami vikasagwa na kutumika tena, jumla yake takriban tani milioni 6. Leo wanaishi pale watu karibu 30,000, na bustani zao zinatia wivu.

Mabomba na barabara zililipiwaje? Hapa pana ujanja unaostahili kuelezwa polepole. Siku ya kwanza walipima eneo lile linaingiza kodi kiasi gani. Likiwa jangwa la lami, lilikuwa haliingizi kitu. Wakaweka alama hapo. Kila senti iliyoingia juu ya alama ile baada ya nyumba na maduka kusimama haikwenda kwenye mfuko mkuu wa jiji, bali ililipa mikopo iliyochukuliwa kujenga barabara, mitaro na shule. Kwa hiyo mtaa ulijijengea kwa kodi yake wenyewe ya kesho. Na kwa kuwa kampuni ilikuwa na eneo kubwa la kuuza kwa miaka mingi, haikuwa na haja ya kulipua kazi: mnunuzi wa kwanza asipoiona shule, wa mia mbili haji.

Lakini mwenye kushika hati ndiye mwenye kushika saa. Mpango uliahidi kwamba asilimia 10 ya nyumba za kuuza na asilimia 20 za kupangisha ziwe za watu wa kipato cha chini. Nyumba za bei ya soko zilipanda kwa kasi, na za bei nafuu zikaja zikijikokota nyuma, wakazi wakilalamika. Halafu mwaka 2018 Forest City yenyewe ikanunuliwa na Brookfield. Jiji likaamka na mbia ambaye halikumchagua. Katika haya yote, hilo ndilo lingeninyima usingizi kama ningekuwa diwani: unafunga ndoa ya miaka mingi na kampuni, na katikati ya safari inabadilisha wamiliki bila kukuuliza.

(Jambo la pembeni. Mtaa ule ulirithi jina la uwanja, na uwanja ulikuwa umepewa jina la meya Benjamin Stapleton, aliyekuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa rangi. Mwaka 2020 ukabadilishwa jina, ukawa Central Park. Wanaopenda kubandika majina ya wakubwa kwenye mitaa mipya wasubiri kidogo.)

Austin walichelewa zaidi kuanza kujenga, ila kelele za wananchi zilianza mapema. Katikati ya miaka ya 1980 majirani wa uwanja walikuwa tayari wanadai uhame na wakichora wenyewe kinachoweza kukaa pale. Mpango ulipitishwa mwaka 2000, mwaka mmoja baada ya kufungwa. Mkataba na kampuni ya Catellus ukatiwa saini mwaka 2004. Tofauti na Denver, Catellus alikuwa kama msimamizi wa shamba la mwenzake. Ardhi ilibaki ya jiji. Kipande kinahamishwa kinapokuwa tayari kujengwa, na pesa yake inarudi kulipia barabara na mabomba ya kipande kinachofuata. Tume ya wananchi ya kushauri utekelezaji hukaa hadharani, na anayetaka huenda kusikiliza.

Faida ya kubaki na hati inaonekana kwenye masharti. Robo nzima ya nyumba, asilimia 25, lazima iwe ya bei nafuu, za kuuza na za kupangisha. Nazo hazikutengwa kona moja kama kambi. Ziko katika mitaa ileile, na ukipita nje hujui ipi ni ya mwalimu na ipi ni ya daktari bingwa. Mwenye nyumba ya bei nafuu akitaka kuuza, hauzi kiholela apate faida ya ghafla. Kuna mfuko maalumu unaosimamia ili nyumba ibaki kwenye kundi lake. Ukiwa umeshauza ardhi yote kwa mkupuo, sharti kama hilo utalisimamia kwa barua za kukumbusha tu.

Tusiipambe Austin kupita kiasi. Uwanja ule uko upande wa mashariki, upande ambao kwa miongo mingi watu weusi na Walatino walisukumwa wakakae. Mtaa mpya ulipopendeza, bei za nyumba nje ya uzio wa zamani zilipanda, na Texas ni mahali ambapo kodi ya jengo hupanda na thamani. Robo ya bei nafuu iliwasaidia walioingia ndani. Bibi aliyekuwa jirani wa uwanja tangu enzi za kelele hakulindwa na mkataba wowote.

Munich: reli kabla ya fenicha

Mashabiki wa mpira wanaijua Riem bila kulijua jina lake: ndipo ndege iliyowabeba Manchester United ilipoanguka Februari 1958, wakafa watu 23. Uwanja huo ulihama usiku mmoja, kati ya tarehe 16 na 17 Mei 1992, malori yakisafiri hadi alfajiri kupeleka vifaa kwenye uwanja mpya. Asubuhi jiji likabaki na hekta 556 kimya.

Munich hawakutafuta mwekezaji wa kubeba kila kitu. Jiji liliteua msimamizi wa kuandaa ardhi na kuuza viwanja kwa niaba yake, na eneo likagawanywa kama mafungu matatu: la makazi, la biashara pamoja na kumbi za maonesho, na la bustani. Kumbi zikafunguliwa Februari 1998. Mei 1999 treni ya chini ya ardhi ikafika, wakati wakazi wa kwanza bado wananunua mapazia.

Huu mpangilio wa treni unaonekana mdogo hadi uutazame Oslo. Uwanja wa Fornebu nao ulifungwa mwaka 1998. Rasi nzuri, bahari pande tatu, makampuni makubwa yakahamia, nyumba zikajengwa. Ujenzi wa reli ya kwenda huko ulianza mwaka 2020, miaka 22 baada ya ndege ya mwisho. Katika miaka hiyo yote watu walizoea magari na mabasi yaliyojaa, na barabara zikapangwa kwa mazoea hayo. Reli inayokuja baadaye hugharimu zaidi kwa sababu inapita chini ya watu waliokwisha kukaa.

Kasoro ya Munich ni ladha. Wakazi wa mwanzo walikaa miaka kadhaa bila maduka ya kutosha. Jengo kubwa la maduka lilifunguliwa mwaka 2004, na maisha mengi ya mtaa yakajifungia ndani yake. Barabarani pako safi, pana, na pamepoa. Kwa sisi tuliozoea mtaa wenye genge la nyanya, fundi cherehani barazani na kibanda cha chipsi, pale pangekuwa mahali pa kulala tu.

Berlin: wananchi walipokataa

Tempelhof ndiyo njia isiyojenga. Uwanja huu una historia kuliko mingine yote: jengo lake lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja lilianzwa enzi za Wanazi mwaka 1936, na mwaka 1948 hadi 1949 ndege za Wamarekani zilitua hapo mfululizo kulisha Berlin Magharibi iliyokuwa imezingirwa. Ulifungwa Oktoba 2008. Mei 2010 mageti yakafunguliwa, na watu wakaingia na baiskeli, tiara na mbegu za mboga. Njia ya kurukia ndege ikawa ya kukimbilia, na katikati ya majani wakatua ndege wa aina nyingine, wale wanaotaga.

Serikali ya jiji ikaja na mpango wa wastani: katikati paachwe, pembezoni zijengwe nyumba zipatazo 4,700 na maktaba. Tarehe 25 Mei 2014 wananchi wakapiga kura ya maoni, na asilimia 64.3 ya waliopiga wakasema pasiguswe hata pembe. Ikawa sheria.

Kwa nini mji wenye shida ya nyumba ukatae nyumba? Kwa maoni yangu hawakukataa nyumba, walimkataa aliyezitoa. Wengi hawakuamini kwamba zingekuwa za bei wanayoiweza. Na wakati huohuo serikali ileile ilikuwa inashindwa kufungua uwanja mpya wa ndege, uliopaswa kuwa tayari kabla ya kura hiyo na ambao hatimaye ulifunguliwa Oktoba 2020. Ukishindwa kumaliza uwanja mmoja, watu hawakupi mwingine uuchezee.

Hapa kwetu njia ya Tempelhof ina ndugu. Kampala wana Kololo, uwanja ulioshuhudia bendera ya Uganda ikipandishwa tarehe 9 Oktoba 1962. Umebaki wazi kwa sherehe za taifa, na watu hadi leo wanauita kwa jina la njia ya ndege. Kuacha wazi si uvivu. Ni chaguo, mradi pawe na mlinzi. Tempelhof ina sheria, uzio na mageti yanayofungwa usiku. Eneo la wazi lisilo na mambo hayo kwenye miji yetu tunajua linavyokwisha: kwanza gereji, halafu kanisa la mabati, halafu msingi wa nyumba uliomwagwa Jumapili usiku.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Hangari zilizoachwa tupu zilitumika mwaka 2015 kuhifadhi wakimbizi, wakati jiji halikuwa na pa kuwaweka. Nafasi tupu katikati ya mji ni kama akiba ya unga: siku ya dharura ndipo unapoijua thamani yake.

Hong Kong: nyundo ya dalali

Waliowahi kutua Kai Tak wanasimulia hadi leo. Ndege ilishuka kuelekea kilima kilichochorwa miraba, ikakata kona ya kulia chini kabisa juu ya maghorofa ya Kowloon, ikatua kwenye njia iliyoingia baharini. Tarehe 6 Julai 1998 ikawa mwisho.

Serikali ilikuwa na mipango mikubwa ya kufukia bahari ili kuongeza eneo. Mwaka 2004 mahakama ya juu kabisa ikatafsiri sheria ya kulinda bandari kwa ukali, na mipango ikarudi mezani kuanza upya, safari hii bila kufukia hata tone. Mpango mpya ulipitishwa mwaka 2007. Wa kwanza kuingia, mwaka 2013, walikuwa wapangaji wa nyumba za serikali, zaidi ya nyumba 13,000 katika mitaa miwili. Hilo nawapa heko: hawakuwaacha wanyonge wangoje mabaki.

Vipande vingine vilipigwa mnada kwa njia ya zabuni, kwa hati za miaka maalumu, maana Hong Kong haiuzi ardhi ikawa ya mtu milele. Soko lilipowaka, pesa iliyoingia ilikuwa ya kutisha. Lilipopoa, mambo yakawa mengine. Juni 2019, mji ukiwa kwenye maandamano, kampuni iliyokuwa imeshinda kipande kwa dola za Hong Kong bilioni 11 na ushee iliamua kujitoa na kupoteza amana ya milioni 25. Ilihesabu ikaona kupoteza amana ni nafuu. Mnada ni mzuri siku za mavuno, ila hauna subira na hauna huruma.

Usafiri nao uliwaadhibu. Kituo cha meli za kitalii kilifunguliwa mwaka 2013 kwenye ncha ya njia ya zamani ya ndege, na treni ilipofika Kai Tak mwaka 2020 kituo chake kikawa mbali na ncha hiyo. Abiria wa meli nzima wanashuka pamoja, wanapanga foleni ya teksi.

Jambo moja la Kai Tak linafaa kufikiriwa na kila mji. Uwanja ukiwa hai, majengo yote ya jirani yanawekewa kikomo cha urefu. Ukifungwa, kikomo kinaondoka, na mwenye kiwanja cha karibu anaamka tajiri bila kushika koleo. Ndivyo ilivyokuwa Kowloon. Kwa hiyo anayenunua sasa nyumba kuukuu karibu na uwanja unaotarajiwa kuhama hanunui nyumba, ananunua anga. Pengine ndiyo maana yule dalali anatabasamu.

Mbili za kupitia haraka

Edmonton, Canada, walifunga uwanja wao wa mjini mwaka 2013 na jiji likaamua kuwa mwendelezaji lenyewe, bila kampuni kubwa katikati. Wakaweka mfumo wa pamoja wa kupasha na kupoza nyumba kwa joto la ardhini. Mtaa wa Blatchford umepangwa kwa watu 30,000. Wa kwanza waliingia mwaka 2020, na mauzo yamekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Safi kwa hati, nzito kwa mkono: jiji ni mlezi mzuri wa ardhi, ila si lazima liwe muuzaji hodari.

Athens ndiyo ya kukimbia. Ellinikon ulifungwa mwaka 2001. Ukatumika kwa baadhi ya michezo ya Olimpiki ya 2004, viwanja vikaachwa vichakae, wakimbizi wakalala kwenye majengo yake hadi 2017. Kampuni ya Lamda ilikubaliwa mwaka 2014 kwa euro milioni 915, na ikakabidhiwa mwaka 2021. Sasa yanapanda maghorofa ya ufukweni kwa wenye nazo. Miaka ishirini ya vumbi, kisha mauzo ya mkupuo mmoja.

Sasa, kwa mji kama Dodoma

Kwanza tuondoe kinachotutenga na wote hawa. Tanzania ardhi ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Anayeitwa mwenye kiwanja ana hati ya muda wenye kikomo, na hati ina masharti, likiwemo la kuendeleza ndani ya miezi 36. Kwa maana hiyo tuko karibu na Hong Kong kuliko Denver. Kile ambacho Austin walikipigania kwenye mkataba mrefu, sisi tunaweza kukiandika kwenye masharti ya hati yenyewe: robo ya nyumba ziwe za bei hii, ghorofa ya chini iwe ya maduka madogo, kisichojengwa kwa wakati kirudi. Shida yetu haijawahi kuwa sheria. Ni nani atamwendea mkubwa mwenye kiwanja kilichoota mbigili miaka sita akamwambie muda umeisha.

Pili, ujanja wa kodi wa Denver hauingii hapa kama ulivyo. Kodi ya jengo tunaikata kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango cha jumla, na kibanda cha vyumba viwili kinalipa sawa na jumba la kifahari lisilo na ghorofa. Thamani ya mtaa ikipanda mara kumi, kodi haisogei, na mkopo wa mitaro hauna cha kuulipa. Kwa hiyo pesa ya mabomba lazima itoke kwenye viwanja vyenyewe, kama Austin: uza kidogo, jenga barabara, uza tena kwa bei iliyopanda kwa sababu ya barabara hiyo. Ukivipima vyote na kuviuza kwa mwezi mmoja, umeuza kwa bei ya vumbi, na barabara utaidai kwa TARURA na maji kwa DUWASA miaka mingi ijayo.

Najua kitakachosemwa. Chombo kimoja kushika ardhi yote? Dodoma tulikuwa na CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, tangu 1973, na wazee wakiisikia wanakunja uso. Malalamiko ya viwanja na bomoabomoa hayakwisha hadi ilipovunjwa Mei 2017. Ni hoja ya kweli. Ninachojibu ni kwamba Austin waliweka mipaka mitatu ambayo CDA haikuwa nayo: eneo lenyewe ni dogo na lina uzio, mkataba una mwisho, na kikao cha tume kina viti vya umma. Bila huo mpaka wa tatu, bora Tempelhof.

Na hapa ndipo ninapogawanya ushauri. Mji ambao wananchi hawawaamini wapimaji wake uweke uzio, upande miti, ungoje. Nyasi hazidai riba. Mji wenye soko kali na serikali yenye pesa za kujenga kwanza, unaweza kuiga Hong Kong, ukianza na nyumba za wapangaji wa kawaida. Mji mdogo usio na haraka usiogope mwendo wa Edmonton. Denver inawafaa wenye eneo kubwa mno kwa halmashauri kulibeba, ila mkataba useme wazi kampuni ikiuzwa, jiji lina haki ya kukataa mrithi. Wa Kigali, ambao uwanja wa Kanombe uko mjini na mwingine unajengwa Bugesera, wana ardhi ya milima na mazoea ya kufuata mpango; ningewaelekeza Munich, reli au njia ya mabasi kwanza.

Dodoma ningechukua hati ya Austin na usafiri wa Munich. Kuna sababu moja zaidi ya kufanya hivyo. Katika miaka michache tumeipeleka serikali Mtumba, stendi na soko kuu Nzuguni, na sasa ndege Msalato. Kila kizito kimetolewa katikati kikapelekwa pembeni, na mtu asiye na gari anatumia nusu ya mshahara kuzunguka kati ya pembe hizo. Uwanja wa zamani ndio kipande kikubwa cha mwisho kilicho tambarare, karibu na reli, ambacho bado hakijakatwakatwa. Kikigeuzwa viwanja vya mita ishirini kwa thelathini vyenye kuta na mageti, katikati ya mji haitarudi tena.

Kuhusu cha kujenga kwanza, Munich walianza na kumbi za maonesho, jambo ambalo sisi tunalo Nzuguni kila Nanenane. Austin walianza na hospitali ya watoto, iliyofunguliwa mwaka 2007, mwaka uleule wa wakazi wa kwanza. Ilileta wauguzi, wauguzi wakaleta mama ntilie wao wa Kitexas, na walionunua nyumba mwaka uliofuata walikuta taa zinawaka usiku. Mnara wa kuongozea ndege wakauacha umesimama bila kazi, na moja ya mabanda ya ndege liliwahi kuwa soko la wakulima kila Jumapili. Banda letu si kubwa hivyo, lakini kwa zabibu za Hombolo linatosha.